Mabega ya Kumteremsha Mama

Siku ya kumzika mama mkubwa nusura nimwangushe ndani ya kaburi lake mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Rumonge nao wanaanza na hilo kila wanaponitambulisha kwa mgeni.

Kwetu mwanamke hateremshwi kaburini na mikono ya watu baki. Wanaoingia shimoni kumpokea ni wanaume wa damu yake: mtoto, kaka, mtoto wa dada, wale ambao hata iweje wasingeweza kumwoa. Wanasimama chini watatu, mmoja kichwani, mmoja kiunoni, mmoja miguuni, na walio juu wanawashushia mwili polepole huku shuka limetandwa kuwafunika. Mimi nilipewa kiuno. Aliyenipa sijui nilimkosea nini, maana wanawake wa ukoo wa mama hawakuumbwa kwa uchoyo, na marehemu alikuwa amejaliwa kweli kweli. Mwili uliposhuka mikononi mwangu, magoti yakasema bon, basi, sisi tumefika. Mjomba, aliyekuwa upande wa kichwa, mzee mwenye mgongo mbovu, alinyoosha mkono akaokoa heshima ya dada yake. Kisha ikaja sauti kutoka juu, ya upole, ule upole unaoua kabisa.

“Panda, mwanetu, panda. Mwingine ashuke.”

Nikapanda. Kusema kweli nilivutwa, tena kwa mkono mmoja, na aliyenivuta hakuhitaji hata kuegemea nyuma.

Wanawake kwetu hawaendi makaburini, lakini habari haikosi miguu. Nilipofika nyumbani kwa wafiwa, mama alikuwa amekaa mkekani katikati ya wenzake, ameshaambiwa kila kitu, na nadhani ameshaambiwa hata yale ambayo hayakutokea.

“Basi mimi sifi,” akasema kwa sauti ya kusikika uani.

“Mama, astaghfirullah.”

“Sifi! Nani ataniteremsha? Weye? Tutazikwa wawili, watu wapate tabu ya kutuchambua.”

Mkeka mzima ukacheka, hata wenye machozi. Mama alikuwa mnene kuliko dada yake huyo. Akikaa kwenye kigoda cha kuuzia mawese sokoni, kigoda hakionekani tena mpaka jioni. Nilicheka pia, ningefanya nini. Lakini wageni walipotawanyika alinivuta kando, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, na vidole vikakutana na nafasi ikabaki.

“Sitaki mikono ya watu, baba,” akaniambia, safari hii bila mzaha. “Unasikia? Baba yako alishatangulia. Mjomba wako mgongo umeisha. Dada zako ni wanawake. Niko na weye tu.”

Nikamwambia nimesikia. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, kilo hamsini na mbili, na urefu wa kutosha kuzifanya kilo hizo zionekane aibu.

Mtu mwembamba akikaa Rumonge hahitaji daktari, maana kila mtu ni daktari wake. Mimi ni fundi cherehani, nakaa barazani pale sokoni watu wote wakipita, na kila apitaye alikuwa na dawa. Mmoja aliniambia nina minyoo. Mwingine akaniambia nina mawazo, nioe. Wa tatu akaniambia nisioe kabisa kwanza, nitakufa. Wengine walishusha sauti na kuniuliza kama nimeshakwenda kupima. Nilikwenda kupima, sina kitu. Niliporudi na habari kwamba sina kitu, ndipo waliponihurumia zaidi, kwa sababu ugonjwa usio na jina unatisha kuliko wenye jina.

Na msidhani nilikuwa sili. Haki ya Mungu nilikuwa nakula. Nilikuwa mtu wa kumaliza ugali wa muhogo na maharage, nikafuta bakuli, nikasimama mwembamba kuliko nilivyokaa. Baba alikuwa hivyo hivyo. Mama alisema siku ya harusi yao watu walimwuliza kama ameolewa na mwanamume au na kivuli chake.

Basi nikaamua kujenga mwili, na kama mtu yeyote mwenye akili timamu nikaanza kwa kukimbia.

Mnajua Jumamosi kwetu: asubuhi mji mzima unafanya spor, watu wanakimbia kwa makundi wakiimba, wazee, mahakimu, wauza vitumbua. Nikajiunga na kundi moja, tukawa tunapanda mlima, tunashuka mpaka barabara ya kwenda Gatete, tunarudi. Niliona mabonge yakikimbia, nikajiambia hawa wamepata wapi miili hii kama si hapa? Sikuwaza kwamba wao walikuwa wamekuja kuiacha. Baada ya miezi miwili nilikwenda kwa mchuuzi wa mchele, yule mwenye mizani ya kupimia magunia, nikapanda. Akasoma kwa sauti, soko lisikie: “Hamsini!” Yaani nilikuwa nimetoa jasho la wiki nane, nimeimba mpaka koo limekauka, na nikalipwa kwa kunyang’anywa kilo mbili.

Jaribio la pili sitalieleza kwa urefu, maana mama yangu ana wateja. Mlimani kuna kinu cha kukamulia mawese, cha zamani, wanaume wanne wanausukuma mti wa kinu wakizunguka kutwa, na mabega yao, loo! Nikamwuliza mmoja siri ni nini. Akanitazama, akawatazama wenzake, akanijibu bila kucheka: “Ni mawese yenyewe. Moto moto, yanapotoka tu. Kikombe kimoja kabla ya kula kitu.” Mtoto wa muuza mawese, niliyezaliwa kati ya madebe ya mawese, nikaamini. Nikanywa kikombe, nikaongeza nusu ili nisicheleweshe mambo. Siku mbili zilizofuata cherehani yangu haikuniona, na waliokuwa na haja ya kunikuta walijua pa kunikuta, nyuma ya nyumba, mlango umefungwa. Mama alipita nje ya mlango ule mara kwa mara akiuliza, kwa huruma kubwa, kama mabega yameanza kutokea.

Aliyeniokoa ni kochi, mwalimu wa mazoezi. Zamani alikuwa mpakuzi wa magunia ya saruji bandarini, na saruji hiyo ndiyo aliyofanya nayo maarifa. Nyuma ya gereji moja amezungushia mabati kiwanja kidogo, akapaka ukutani picha ya mwanamume asiye na shingo, akaita mahali hapo sali, ukumbi wa mazoezi. Vyuma vyake ni mabomba ya maji, kila upande mkebe wa rangi uliojazwa saruji. Kwa kuwa mikebe haikujazwa siku moja wala na mtu mmoja, upande wa kulia daima ni mzito kidogo. Ukifanya mazoezi pale mwaka mzima bila kugeuza chuma, utatoka na bega moja la mwanamume na moja la mdogo wake.

Alinizunguka mara mbili kama mtu anayetazama gari la mitumba.

“Unakula mara ngapi?”

“Mbili. Tatu nikialikwa.”

“Kula sita.”

“Sita kwa wiki?”

“Kwa siku, sha! Mwili wako ni jiko linalounguza sana. Kuni unazotia zinaisha kabla chungu hakijachemka. Tia nyingi kuliko linavyounguza, zitakazobaki ndizo zitakuwa mwili. Na hiyo spor ya Jumamosi, acha.”

“Niache kukimbia?”

“Unakimbia nini, nani anakufukuza? Kunyanyua vizito, mara chache, halafu kupumzika. Kula. Kulala. Wiki ijayo ongeza kidogo. Basi.”

Kisha akanionyesha kwenye simu yake picha za vyakula vya watu wa mbali, kifua cha kuku juu ya kifua cha kuku. Kwetu kuku mmoja analiwa na watu tisa, na kifua ni cha mgeni. Nilimwambia hivyo. Akafikiri, akafunga simu, akasema: “Basi kula dagaa. Dagaa ni kuku wa maskini, tena analiwa pamoja na mifupa yake.” Ule ndio ushauri pekee wa kisayansi niliowahi kupewa bila kunywa kitu.

Siku ya kwanza nilinyanyua bomba tupu. Bila mikebe. Kijana mmoja wa shule alikuwa pembeni akinyanyua mikebe miwili huku anatafuna ubani. Siku ya pili sikuweza kuinua mikono. Ilikuwa Ijumaa, na kanzu, kama mjuavyo, inavaliwa kwa kuinua mikono. Mama ndiye aliyenivalisha, mimi mwanamume mzima nimesimama katikati ya chumba nikisema ai, ai, na yeye akinisukumia mkono ndani ya kanzu.

“Hiki ndicho kitaniteremsha,” akasema. “Ya Rabi, nipe umri.”

Lakini baada ya swala, nilipompa habari za milo sita, hakucheka. Aliuliza maswali kama mtu anayepokea oda ya harusi. Dagaa kiasi gani? Mayai? Karanga zinafaa? Parachichi je? Nikamwambia mama, mimi nina mikono, nitajipikia. Akaniambia mikono yenyewe ameiona asubuhi.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa kulishwa. Alfajiri uji wa mahindi na karanga zilizosagwa humo humo. Saa nne kijakazi wa jirani ananiletea sokoni ndizi mbivu na parachichi. Adhuhuri ugali wa muhogo, maharage yaliyotiwa mawese, dagaa juu. Alasiri mayai mawili. Jioni tena ugali, tena dagaa, na kabla ya kulala kikombe cha maziwa na kiazi kitamu, ati njaa isije ikaniamsha. Nilikula kwa bidii ya mtu aliyeajiriwa. Kula bila njaa ni kazi, wasikudanganye wanene. Kuna siku nilitazama bakuli la dagaa na dagaa wakanitazama, wote wana macho, na nikahisi wao ndio wengi.

Mama alikuwa ananisimamia. Hakukaa kula nami.

“Na weye je?”

“Nimekula jikoni. Mpishi halali njaa. Maliza.”

Ndivyo alivyojibu, na ndivyo alivyojibu siku zote. Sikuona ajabu. Kwetu mama zetu wote wamekula jikoni.

Mwili, kwa ubishi wake wote, ukaanza kukubali. Kila Ijumaa baada ya swala nilipanda mizani ya mchuuzi wa mchele, naye akatangaza: hamsini na tatu, hamsini na tatu, hamsini na nne. Hamsini na tatu tena. Watu wakaanza kusubiri tangazo. Mimi kwa upande wangu nilikuwa na mita yangu ya ufundi shingoni, na mteja akichelewa najipima. Kifua, mkono wa juu, bega mpaka bega. Nimeandika vipimo vyangu kwenye daftari la wateja, katikati ya mama harusi na sare za wanafunzi, na nakiri kwamba ukurasa wangu ndio niliousoma zaidi. Sentimita moja ilipoongezeka kwenye mkono nilivaa shati la mikono mifupi wiki nzima, na ilikuwa mvua.

Kisha serikali ikalifunga ziwa, watu wasivue. Siku hizi wanalifunga kwa miezi ili samaki wazaliane, na ni jambo jema, samaki nao wana familia. Ila dagaa wakapotea sokoni, waliobaki ni wa akiba, wakavu, wachache, na mwenye nao anawahesabu kabla ya kukupimia. Kochi alitutangazia kwamba miili yetu itarudi tulikoitoa. Nilikwenda nyumbani na moyo mzito, nikamwambia mama basi, mambo yameishia hapa.

“Yameishia kwa nani?” akauliza. “Kaa ule.”

Na bakuli likaja, na dagaa walikuwa juu yake. Wengi kama jana. Sikuuliza wametoka wapi. Nilidhani mama zetu wana njia zao, shoga zake wa Kabonga, wa Nyanza-Lac, mtu kampa mtu. Ziwa lilifungwa lote, bakuli langu halikufungwa hata siku moja, na mimi nilikuwa na shughuli nyingi sana za kuwa na mwili hata nisiweze kufikiri. Nikafika hamsini na sita.

Katikati ya hayo mama alikuja barazani kwangu na gauni lake la kitenge cha buluu.

“Nipunguzie hapa na hapa. Vitenge vya siku hizi vinaachia.”

Nikalipokea. Nikapunguza vidole vinne kila upande, nikapiga mshono mzuri kabisa, na nikakubaliana naye kwamba vitenge vya siku hizi ni vibovu. Niliwatukana hata wenye viwanda. Baada ya miezi mitatu, dagaa wamesharudi ziwani na sokoni, akaleta gauni jingine. Nikapunguza. Nikamwuliza vipimo, akasema kata kwa macho, kwani hunijui? Nikakata kwa macho, mita ikiwa shingoni mwangu. Sikuwa na nafasi ya kumpima, nilikuwa nimeshajipima asubuhi ile.

Masika yale ziwa lilipanda. Si jambo la siku moja. Lilikuja kwa kuonja: wiki hii mchanga, wiki ijayo minazi michache ya mbele, kisha mstari wa kwanza wa nyumba. Yetu ilikuwa mstari wa pili. Watu walihamisha magodoro, wakahamisha milango, na kila jioni mama akasimama mlangoni akilitazama ziwa kwa jicho la mtu anayemtazama mgeni aliyekaa mno.

“Litarudi,” akasema. “Limewahi kuja kabla hujazaliwa, likarudi.”

“Mama, tuhame. Nyumba ya marehemu mama mkubwa kule juu iko na nafasi.”

“Nihame na madebe yangu yote? Nani atayabeba? Haya, kula.”

Siku yenyewe nilikuwa sokoni. Upepo ulivuma tangu alfajiri, na saa nne, badala ya ndizi na parachichi, kijakazi wa jirani alikuja mikono mitupu, amelowa mpaka kiunoni. “Maji imeingia kwenu,” akasema, “na mama amekatala kutoka.” Nikaacha cherehani na suruali ya mtu juu yake.

Kijia chetu kilikuwa ziwa. Maji yalinifika mapajani, yenye rangi ya chai, na juu yake yameelea masufuria, ndala, na madebe matupu ya mama yakigongana. Vijana wa mtaa walikuwa wanatoa watu, wengine mgongoni, wengine kwa mtumbwi ambao haukuweza kupita kijia chetu chembamba. Mlangoni kwetu walisimama wanaume watatu. Mmoja wao ni jirani yetu, yule aliyenivuta kutoka kaburini kwa mkono mmoja. Ndani, mama amekaa juu ya kitanda, kitanda kiko juu ya matofali, maji yamefika kwenye godoro, na anawafokea.

“Msinishike! Nani kawaambia mnishike? Niko na mutoto!”

“Mama, ukuta huu hauna muda,” yule jirani akamwambia. “Njoo nikubebe, tafadhali.”

“Nimesema niko na mutoto!”

Kisha wakaniona. Sitasahau namna walivyoniona. Jirani kwa adabu akasogea upande, lakini si mbali, mikono yake ameiacha wazi mbele yake, tayari. Nilijua mikono ile inasubiri nini.

Nikaenda kitandani, nikageuka, nikampa mgongo. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku ya kaburi, maana siku ile aliyekuwa mikononi mwangu hakuwa na la kuumia tena. Nikafanya kama nilivyofundishwa nyuma ya gereji: chuchumaa, miguu ipanuke, mgongo unyooke, pumzi ndani. Mama akaniwekea mikono shingoni. Nikaita kila kitu nilichokuwa nacho, mayai yote, karanga zote, mikebe yote ya saruji ya mwaka na zaidi, nikanyanyuka.

Nusura nimrushe juu ya kichwa changu mpaka mlangoni.

“Ala!” akapiga kelele. “Polepole! Unabeba mutu, haubebe gunia!”

Nikayumba, nikasimama. Nikausubiri uzito uje. Haukuja.

Nilidhani maji yanamwinua. Nikapiga hatua, nikapiga nyingine, tukatoka mlangoni, na alikuwa mgongoni kwangu mwepesi vile vile. Mikono yangu ilikuwa imemshika mapajani. Ni mikono ya fundi hii, haina akili nyingine lakini hiyo inayo: inajua mwili ukoje chini ya nguo. Ikahesabu bila kuniuliza. Vidole vinne upande huu, vinne upande huu. Na tena vinne, na vinne. Na juu ya hapo nyama nyingine ambayo hata sikuwahi kuletewa gauni lake. Kitenge hakikuachia. Vitenge vya siku hizi havina kosa lolote.

Dagaa wa ziwa lililofungwa walikuwa wake. Mayai ya alasiri yalikuwa yake, na maziwa. Nilitangazwa kilo hamsini na tisa Ijumaa iliyopita, soko likapiga makofi, na saba kati ya hizo zilikuwa za huyu niliyekuwa nampitisha majini mgongoni, ambaye hanazo tena. Nilijichukia katikati ya maji yale, kabisa kabisa, na mita ilikuwa bado inaning’inia shingoni, ncha yake inaogelea mbele yangu.

“Unahema nini?” mama akaniuliza sikioni. “Mwaka wa kukimbia vita nilikubeba mpaka Nyanza-Lac, na mvua, na mzigo kichwani. Ulinisikia nikihema?”

Sikuwa nahema. Nikaendelea kutembea ili asijue nimegundua.

Barabarani juu, penye ukavu, watu walikuwa wamejaa kutazama. Nilipomtua mama chini, kuna waliopiga vigelegele. Kochi alikuwepo, akapaza sauti ati mgongo umenyooka, mgongo umenyooka, wote mmeuona! Yule jirani alinifuata nyuma njia nzima, mikono wazi, na sasa aliishusha, akanigonga begani.

“Leo umetuziba mdomo,” akasema.

“Bado hajanizika,” mama akamjibu huku anakamua pindo la gauni lake. “Asijisifu.”

Watu wakacheka sana. Yeye pia. Alisimama pale katika gauni la buluu, lile la kwanza, na maji yalikuwa yamelibandika mwilini, na nikaona mifupa ya mabega yake. Ni mabega ya kwangu yale. Ya zamani.

Jioni tulikuwa nyumba ya marehemu mama mkubwa, kule juu. Binti yake alitupikia, akaweka mkekani sinia moja la ugali na bakuli la maharage, na dagaa wachache juu, akaenda kutandika vitanda. Tukanawa. Mama akalisukuma bakuli upande wangu.

“Kula. Umefanya kazi.”

“Na weye je?”

“Nimekula jikoni.”

Sikujua nicheke au nilie, na nadhani nilifanya yote mawili.

“Jiko gani, mama? Jiko letu liko ndani ya ziwa tangu asubuhi. Umekula na samaki?”

Alitazama mlango, akatazama mikono yake. Nikalirudisha bakuli mbele yake, nikalishikilia hapo kwa mkono wangu ule wa sentimita zilizoongezeka.

“Nikinenepa tena,” akasema polepole, “nani ataniteremsha?”

“Mimi. Kula.”

Akakata tonge, dogo, la mtu aliyesahau ukubwa wake. Akachovya. Akala, na mimi nikamsimamia.